Kundi la Damu Si Ushahidi wa Ubaba

Je, mpenzi msomaji, wewe ni wa kundi la damu A, mkeo ni B, naye mtoto amepatikana kuwa O? Usivunje nyumba bure! Huenda nyote wawili mwabeba O iliyojificha, na mtoto akairithi pande zote mbili.

Kundi la damu laweza kuonyesha kwamba mtu si baba, lakini haliwezi kuthibitisha kuwa ndiye, kwani mamilioni wana kundi hilo hilo. Mnamo 1945 mahakama ya California, Marekani, ilimwamuru mwigizaji Charlie Chaplin kumtunza mtoto wa kundi B, ingawa mama alikuwa A na Chaplin O. B hiyo ilitoka wapi?

Ukiwa na shaka, kipimo ni DNA, si kadi ya kliniki.