Kiwavi Chenye Kula Mbegu za Sumu

Kwetu Katanga vinkubala ni chakula. Wakati wa mvua mama anavileta kutoka soko, anavikaanga na nyanya na kitunguu, na jamaa yote inafurahi. Lakini, je, kila kiwavi unachookota mu pori ni cha kula? Sikilizeni habari ya kimoja.

Kule Florida, katika Marekani, kuko kipepeo kidogo chenye madoadoa, jina lake Utetheisa. Kiwavi chake kinakaa juu ya maua ya manjano ya jamaa ya maharagi, yanayoitwa Crotalaria. Ganda likikauka, mbegu zinalia ndani kama kichezo cha mutoto. Kiwavi kinatoboa ganda, kinaingia, kinakula mbegu. Mbegu hizo ziko na sumu yenye kuharibu maini ya watu na ya mifugo, lakini kiwavi hakifi. Kinaiweka sumu mu mwili wake, na hata kikigeuka kipepeo, sumu inabaki.

Faida yake ni nini? Thomas Eisner, mwalimu wa chuo kikuu cha Cornell aliyekufa mwaka 2011, alichunguza jambo hilo pamoja na wenzake. Kipepeo kikinaswa katika utando, buibui anakuja mbio, anakigusa, halafu anakata nyuzi moja moja mpaka kipepeo kinaruka na kwenda zake! Basi wakalisha viwavi vingine chakula cha maharagi bila sumu. Vile vilipokuwa vipepeo, buibui akavila.

Na tena: wakati wa kuonana, dume anamupa jike sehemu ya sumu yake. Jike anaongeza yake, anaitia ndani ya mayai, na wadudu wengi wenye kuwinda mayai wanayaacha. Baba na mama, wote wawili, wanalinda watoto mbele hawajatoka katika yai.

Musifikiri ni mambo ya mbali. Crotalaria za namna nyingi zinaota Afrika. Moja, Crotalaria cobalticola, inaota juu ya vilima vyetu vya shaba na kobalti. Na Utetheisa ingine, nyeupe yenye madoadoa mekundu na meusi, inaruka Afrika, na viwavi vyake vinakula maua ya jamaa hiyo.

Basi, vijana, mukienda kuokota, ulizeni kwanza: hiki kinakula muti gani? Nkambo anajua, muonyesheni mbele ya kutia mu sufuria. Kile asichokijua, kiacheni palepale, maana moto si dawa ya kila sumu. Na ninyi wazazi, mukiona mutoto anachezea maganda yenye kulia, muangalie asitafune mbegu. Buibui anagusa kwanza, halafu anaacha. Sisi tusishindwe na buibui.