Miungu Badala ya Tarakimu

Sokoni Roma, asiyejua kusoma aliweza kurudishiwa chenji bila kupunjwa, mradi aijue miungu. Tangu miaka ya 220 K.K. hivi, sarafu za shaba za Warumi zilitolewa kwa seti, kila thamani na sura yake. Ile kubwa, iliyoitwa as, ilikuwa ya Janus, mlinzi wa milango, mwenye nyuso mbili zenye ndevu. Nusu yake ilikuwa ya Saturnus, theluthi ya Minerva na kofia yake ya vita. Robo alipewa Hercules, kajifunika ngozi ya simba. Sudusi ilimwendea Mercurius, mungu wa wafanyabiashara, na hapo nadhani wachongaji walijua wanachokifanya, kwani sarafu ndogo ndizo zinazopita mikononi mwa wachuuzi.

Mwenye shaka alipapasa. Theluthi ina nundu nne, robo tatu, sudusi mbili. Kila nundu ni wakia moja, na wakia 12 ni as nzima. Upande wa pili zote zina omo ya merikebu ya vita, ndiyo maana watoto wa Kirumi waliporusha sarafu waliita “vichwa” au “merikebu”.

As za mwanzo zilipita gramu 250, nzito mno kugongwa kwa nyundo, hivyo shaba iliyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Vita na jemadari Hannibal vilikausha hazina, na kufikia mwaka 211 K.K. as ilikuwa imeshuka hadi gramu 50 hivi. Janus alibaki palepale, ila kasinyaa.

Kilichomng'oa ni siasa. Walipokuja makaisari, kichwa cha mtawala kilikalia upande wa mbele, na miungu ikasukumwa nyuma, ikawa ya kumsifu yeye. Tazama shaba za Nero za miaka ya 60 B.K.: mbele ni shingo nene ya Nero, nyuma ni hekalu la Janus, milango imefungwa kutangaza kwamba kuna amani nchi kavu na baharini. Mungu mwenyewe haonekani. Umebaki mlango wake tu.

Ukristo nao haukuifuta miungu kwa siku moja. Kaisari Konstantino aliendelea kumweka Sol, mungu jua, kwenye shaba zake kwa miaka kadhaa baada ya kuwapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313. Aliyedumu kuliko wote ni Victoria, mungu wa kike wa ushindi. Mwaka 382 madhabahu yake iliondolewa katika ukumbi wa Seneti. Hata hivyo, kwenye vishaba vya Theodosius, mfalme aliyepiga marufuku kafara za kipagani, Victoria yumo na mabawa yake, anamburuta mateka, na kando yake imechongwa alama ya Kristo. Sarafu yenyewe ina gramu 1 hivi.