Mbele ya kununua ampli ya motokari, tazama fizibli yake

Ku karto kumeandikwa wati 5000, kwa herufi kubwa za rangi ya zahabu. Lakini ukitosha ampli yenyewe mu karto na kuigeuza upande wenye waya zinaingia, unakuta fizibli mbili ndogo, kila moja ya ampere 30. Maandiko hayo mawili hayawezi kuwa kweli pamoja. Kweli iko ku fizibli.

Hesabu yake haiombi shule kubwa. Nguvu ni volti mara ampere. Motokari ikiwa inawaka, umeme wake ni karibu volti 14. Fizibli mbili za 30 zinaruhusu ampere 60. 14 mara 60 inatoa wati 840. Huo njo mwisho wa umeme wenye unaweza kuingia mu ampli ile kwa muda murefu bila fizibli kukatika. Tena si wote unaenda ku bafle: sehemu moja inageuka joto. Ampli ya namna ya zamani, yenye mafundi wanaita klasi AB, inapoteza karibu nusu. Ya klasi D inapoteza karibu sehemu moja juu ya tano. Kwa hiyo ile "wati 5000" itatoa kati ya 420 na 670 hivi. Kwa kutoa 5000 za kweli ingeomba karibu ampere 450, na motokari ndogo nyingi zenye kutembea Lubumbashi ziko na alternateri ya ampere 60 mupaka 100 tu.

Mutu wa mugodi anajua kupima. Hakuna mwenye ananunua lori ya mawe juu ya maneno ya muuzaji. Anauliza teneri, ni asilimia ngapi ya shaba iko ndani. Ampli nayo iko na teneri yake. Inaitwa wati RMS, maana yake nguvu yenye ampli inaweza kutoa bila kuchoka, si ile ya kurukaruka kwa sehemu ndogo ya sekunde. Ukiona maandiko CEA-2006 ao CTA-2006 ku karto, ujue walipima kwa kanuni moja: volti 14.4, omu 4, na sauti yenye haichafuke kupita asilimia 1. Kama RMS haiandikwe popote, rudia ku hesabu ya fizibli.

Unatafuta nini kwanza?

Motokari nyingi zetu zimetoka Japani. Kule FM inaanzia megahezi 76, na ku radio nyingi za zamani inaishia 90. Stasheni ya 95 ao ya 100 haishikike. Njo maana mutu anabadilisha radio kwanza. Kisha anaona ku radio mupya kumeandikwa "4 x 50", anafikiri imetosha. Kwa kweli radio ya namna ile inatoa wati 15 mupaka 20 RMS ku kila bafle. Ku barabara ya Likasi, vioo wazi na malori pembeni, wati hizo zinamezwa na upepo. Unapandisha sauti, sauti inapasuka.

Tena kwiko sababu ingine: siku ya ndoa ao ya ubatizo, kuranti ikikatika, motokari ya baba njo inakuwa orkestra ya kiwanja.

Sasa, watu wengi wanakimbilia besi: subufa kubwa ya nyuma na ampli ya njia moja. Tuseme wazi: kama nyumbani kwenu munasikiliza rumba, munaanzia mwisho. Rumba ya Kongo, ile UNESCO iliandika mu urithi wa dunia mu Desemba 2021, iko na uhai wake katikati: sauti ya muimbaji na magitaa. Sebene ikifika, ni vidole vya gitaa munacheza. Hata gitaa kavu ya Mwenda Jean Bosco, yenye Hugh Tracey alirekodi Jadotville, Likasi ya leo, mu 1952, haiombi subufa. Inaomba bafle za mbele zenye kusema wazi.

Kwa hiyo, kwa familia yenye motokari moja na feza ya kuhesabu, ampli ya kufaa mara nyingi ni ya njia ine, klasi D, yenye kutoa wati 50 mupaka 75 RMS ku kila njia. Leo inaendesha bafle ine. Kesho, ukipata subufa ndogo, njia mbili za nyuma zinaungwa pamoja kwa kuiendesha, na mbili za mbele zinabaki kwa sauti na gitaa. Haununue ampli mara mbili. Mbele ya kulipa, soma tu ku kitabu chake kama inakubali kuunga njia hivyo.

Wati mara mbili, sauti si mara mbili

Kitu hiki wauzaji hawapende kukisema: ukitoka wati 400 kufika 800, sauti inapanda desibeli 3 tu. Sikio linasikia tofauti, lakini ndogo. Ili sauti ionekane kuwa mara mbili, inaomba karibu wati mara kumi.

Kwiko njia ya bei ndogo. Ku kila bafle ya kweli wanaandika desibeli ngapi inatoa kwa wati moja. Bafle ya 92 na wati 50 inapiga sawa na bafle ya 89 yenye umeipa wati 100. Basi mbele ya kutafuta ampli kubwa, tafuta bafle yenye kusikia vizuri.

Angalia na omu. Bafle nyingi za motokari ni omu 4. Ukifunga mbili pamoja, chanya ku chanya na hasi ku hasi, zinakuwa omu 2, na ampli inavuta umeme zaidi. Ukifunga tatu, unashuka chini ya omu moja na nusu. Ampli yenye kuandikwa mwisho wake ni omu 2 itapata joto, itajizima, na siku moja haitawaka tena.

Shaba yetu, ao rangi ya shaba?

Hapa njo pahali mutu wa Katanga hapaswe kudanganywa. Waya nyingi za ampli zenye kuuzwa na bei ya chini si shaba. Ni aliminiumu yenye wamepaka shaba inje. Ku karto wanaandika CCA. Mu inchi yenye kuchimba shaba tangu wakati wa Union Minière, yenye ilianza mu 1906, baba anafika dukani na kununua aliminiumu yenye rangi.

Kipimo ni rahisi. Chukua kisu, kwangua uzi mumoja: ukiona nyeupe ndani, si shaba. Pima ku mukono: shaba ni nzito kupita aliminiumu zaidi ya mara tatu. Na aliminiumu inapitisha umeme asilimia 61 hivi tu ya ule wenye shaba inapitisha.

Tuweke hesabu. Ampli inavuta ampere 50, batri iko mbele, ampli iko nyuma, waya ni metre 5. Shaba ya milimetre 10 za mraba inapoteza volti 0.43 mu njia. Aliminiumu ya unene ule ule inapoteza karibu 0.7. Shaba ya milimetre 20 za mraba inapoteza 0.2 tu. Umeme wenye unapotea haupotee bure: unageuka joto ndani ya waya, chini ya tapi ya motokari. Kwa ampere 50, nunua shaba ya 20. Kama ni CCA tu umepata, chukua nene kupita hapo, na usikubali ikuuziwe na bei ya shaba.

Fizibli ya pili, ile inaokoa motokari

Fizibli zenye ziko ku ampli zinalinda ampli. Hazilinde motokari. Waya munene kutoka batri unapita ku tundu la chuma, chini ya milango, chini ya viti. Siku ganda lake likikwanguliwa na chuma, batri yote inajitupa mu waya ule, unakuwa mwekundu sawa chuma ya fundi, na moto unaanza.

Kwa hiyo fizibli ingine inawekwa pembeni ya batri, isipite sentimetre 45 kutoka ku batri, na ku tundu la chuma waya unavalishwa mupira. Fundi akikuambia haina lazima, chukua ufunguo wako uende kwa mwengine. Waya wa hasi nao uwe mufupi na munene sawa ule wa chanya, ufungwe ku chuma yenye umekwangua rangi. Waya wa sauti upite upande mwengine wa motokari, mbali na ule wa umeme, kama sivyo utasikia moteri inalia ndani ya wimbo.

Ampli usiifunike na matandiko ya kofa, inaomba kupumua. Tangu Mei mupaka Septemba vumbi nyekundu ya barabara zetu inaingia popote: ifungue na uipanguze mbele ya mvua kuanza. Na kile kifungo chenye kuandikwa "gain" si cha kupandisha sauti. Ni cha kupatanisha ampli na radio. Fundi mwenye kukizungusha mupaka mwisho anaua bafle.

Batri nayo iko na mupaka. Ile ya ampere-saa 60, muziki ukivuta ampere 20 na moteri imezimwa, inafika nusu kisha saa moja na nusu. Kutoka hapo usishangae motokari ikikataa kuwaka. Ku kiwanja cha ndoa, washa moteri mara kwa mara, inje, pahali wazi, hapana ndani ya garaji yenye kufungwa: moshi ule unaua.

Masikio ni yale yale

Tumalize na kitu chenye hakiuzwe mu duka lolote. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama ku kazi, inaweka mupaka ku desibeli 85 kwa saa 8. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda unakatwa nusu: 88 saa 4, 91 saa 2, 94 saa moja, 100 dakika 15. Mashini ya kutoboa jiwe inaweza kupita 110. Mutu ametoka posti ya usiku, masikio yanamulia ngii, anaingia mu motokari na kufungulia ampli ya 100 kwa kuondoa usingizi. Sikio halijue kama kelele inatoka ku kazi ao ku furaha; linahesabu yote pamoja, na chenye kimekufa ndani yake hakioti tena.

Na nyuma, karibu na subufa, wanaikala batoto.

Baba mwenye kutoka kazini asikilize polepole siku ile. Kama unapaswa kupandisha sauti ndiyo usikie maneno ya wimbo, si ampli mupya unahitaji kwanza. Uende wapime masikio ku hospitali ya kazi.

Basi feza yako uipange hivi: kwanza bafle mbili nzuri za mbele, kisha waya wa shaba na fizibli ya batri, kisha ampli ya njia ine yenye RMS yake imeandikwa, na subufa ije mwisho kama makuta imebaki. Mbele ya kulipa, omba muuzaji aitoshe mu karto. Igeuze, soma fizibli, fanya hesabu mbele ya macho yake. Bei inaweza kushuka palepale.