Neno «let»: kuacha ao kuzuia?



Mwenzetu mmoja alikuwa anatusomea Waroma 1:13 katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, ile ya King James. Paulo anasimulia safari yake ya kwenda Roma, na neno ni «let». Mwenzetu akatafsiri bila woga: Paulo aliruhusiwa. Tukafungua Biblia ya Kiswahili, kumbe Paulo alizuiwa! Tulicheka, lakini kosa halikuwa lake peke yake. Neno lenyewe liko na historia.

Zamani Waingereza walikuwa na maneno mawili. La kwanza, «lætan», maana yake kuacha, kuruhusu. La pili, «lettan», maana yake kuzuia, kukawisha. Ni jamaa ya «late», yaani kuchelewa. Miaka ikapita, matamko yakafanana, na yote mawili yakawa «let». Neno moja lifungue mlango tena liufunge? Ni taabu! Basi polepole watu wakaacha lile la kuzuia. Agano Jipya la Kiingereza liliposahihishwa mwaka 1881, pale Waroma wakatia «hinder», yaani kuzuia. Katika 2 Watesalonika 2:7 pia waliondoa «let» ya namna ile.

Lakini neno la zamani halijafa kabisa. Kwenye tenisi, mpira wa kuanzisha ukigusa wavu na kuangukia pahali pake, wanasema «let», na mchezaji anarudilia.

Leo katika masomo yetu «let» ni kuruhusu. Tushike mambo matatu:

1. Haibadiliki: leo «let», jana «let». Ila tunasema «he lets» kwa wakati wa sasa.

2. Nyuma yake tusitie «to». «Let him go» ni «Mwache aende». Wengi wetu tunaandika «let him to go», na mwalimu anapiga mstari mwekundu.

3. «Let us pray» hapa si kuomba ruhusa, ni kualikana: «Tuombe». Kiswahili kinamaliza yote kwa neno moja tu.

Basi wenzetu, tukisoma kitabu cha zamani, tusikimbilie maana ya leo. Tuulize kwanza: siku zile neno hili lilisema nini? Bila hivyo, tutampa Paulo ruhusa pahali yeye mwenyewe anasema njia ilifungwa.