Hujambo, Dunia: Salamu ya Kwanza ya Kompyuta

Kwetu mtu haanzi na shida yake. Hata aliyekuja kuazima jembe huanza na hujambo, za nyumbani, wazee hawajambo, watoto je. Jembe huja baadaye. Anayejifunza kuandika programu za kompyuta naye hupitishwa mlango huohuo. Kabla hajafundishwa kujumlisha hesabu wala kupanga majina, huambiwa aiagize mashine itoe salamu: "hello, world", yaani hujambo, dunia. Katika lugha ya Python kazi yote ni mstari mmoja:

print("Hujambo, dunia")

Unaiendesha, maneno yanatokea kwenye skrini, programu inakwisha. Haikuokolei muda wala haikukokotolei chochote. Hata hivyo mwanaprogramu aliyezeeka kazini hukumbuka alikuwa wapi siku ilipomtokea, kwa sababu ndiyo mara ya kwanza mashine kutamka jambo alilolitunga yeye.

Salamu hii ina mwenyewe. Brian Kernighan, mzaliwa wa Toronto, Kanada, alikuwa mtafiti wa Bell Labs huko Murray Hill, New Jersey. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliandika mwongozo wa kuwafundisha wenzake lugha iliyoitwa B, na humo akatia mfano unaochapisha maneno hayo. Dennis Ritchie, aliyekuwa naye kazini hapohapo, ndiye aliyeunda lugha ya C. Mwaka 1978 wawili hao wakatoa kitabu cha kuifundisha, na programu ya kwanza kabisa ndani yake ni salamu ileile, kwa herufi ndogo tupu. Kitabu kilisambaa duniani, na waandishi waliofuata wakaiga mlango wake wa kuingilia. Kernighan alipoulizwa miaka mingi baadaye maneno yale yalitoka wapi, alisema anakumbuka kuona katuni ya yai na kifaranga, kifaranga akiiamkia dunia. Picha hiyo naipenda, maana anayeandika programu yake ya kwanza ndiyo kwanza anatoboa gamba.

Katika lugha ya B salamu haikukaa kwa raha. Kisanduku kimoja cha kumbukumbu kilibeba herufi nne tu, kwa hiyo Kernighan aliikata vipande vitatu: "hell", "o, w" na "orld". Kipande cha kwanza kikisomwa peke yake kwa Kiingereza ni jahanamu. Vikipangwa kwa zamu vinakuwa maamkizi. "Hujambo, dunia" ingehitaji visanduku vinne, kwa sababu ukihesabu mkato na nafasi ina alama 14.

Hata hilo neno "hello" lina kisa chake. Simu ilipokuwa ngeni, Alexander Graham Bell alitaka watu waitikie kwa "ahoy", mwito wa mabaharia. Thomas Edison ndiye aliyependekeza "hello" mwaka 1877, na pendekezo lake likashinda. "Haloo" yetu ya kwenye simu ni ndugu yake. Ikatokea kwamba maabara yenye jina la Bell ndiyo iliyolipeleka neno la Edison hadi kwenye kompyuta za ulimwengu mzima.

Lakini kwa nini salamu? Jibu naliona ndani ya Kiswahili chenyewe. Lichambue neno hujambo: hu-jambo, huna jambo? Anayekusalimu anauliza kama kuna lililokusibu, na ukijibu sijambo unamwambia huna neno. Maamkizi yetu ni ukaguzi. Programu hii nayo ni ukaguzi. Ili maneno mawili yafike kwenye skrini, ni lazima faili lako lihifadhiwe mahali panapojulikana. Python iwe imesakinishwa sawasawa. Mkalimani, yaani programu inayosoma mistari yako na kuitekeleza, aelewe ulichoandika. Kisha auombe mfumo endeshi wa kompyuta upokee herufi, na skrini izichore umbo moja baada ya jingine. Mnyororo ni mrefu, na pete moja ikikatika salamu haitoki.

Hapo ndipo ufupi wa mstari ule unapokuwa na thamani. Programu ya mistari elfu ikigoma, hujui pa kuanzia: huenda kosa ni lako, huenda ni la mashine. Mstari mmoja ukigoma, nawe umeusoma mara tatu ukaukuta mzima, basi tatizo liko kwingine, na unaanza kukagua pete nyingine. Ndiyo maana hata mhandisi wa miaka ishirini, akikabidhiwa kompyuta mpya au lugha asiyoijua, huisalimu kwanza. Anataka kusikia sijambo kabla ya kufungua mzigo.

Kompyuta yenyewe haijui herufi. Inajua namba. Katika orodha iitwayo ASCII, iliyotolewa Marekani mwaka 1963 na yenye nafasi 128, H kubwa ni 72, u ni 117, j ni 106, a ni 97, m ni 109, b ni 98, o ni 111. Hiyo ndiyo hujambo inavyoonekana ndani ya mashine. Na Kiswahili kinapoandikwa kwa herufi za Kilatini hakina alama juu ya irabu, kwa hiyo kinaenea chote ndani ya orodha hiyo kongwe. Kifaransa, chenye é na ç, kilihitaji orodha kubwa zaidi.

Namba hizo zimezaa mchezo mmoja ambao kila anayeanza anastahili kuusikia. Mwaustralia David Morgan-Mar alibuni lugha iitwayo Chef, ambayo programu zake husomeka kama mapishi. Kuna pishi lake la kutoa salamu, na viungo vyake ni pamoja na maharage gramu 72, mayai 101 na vikombe 111 vya mafuta. Mpishi atashangaa, mwanaprogramu ataona H, e na o. Viungo vinatiwa bakulini kuanzia herufi ya mwisho kurudi ya kwanza, kwa sababu bakuli hilo linafanya kazi kama sahani zilizopandanishwa: iliyowekwa mwisho ndiyo inayochukuliwa kwanza. Kisha lipo agizo la kuyeyusha vilivyomo bakulini, na hilo ndilo linalogeuza namba kuwa herufi. Hakuna atakayekula chakula hicho. Ila mwanafunzi aliyekifuata hatua kwa hatua ameshaelewa dhana mbili ngumu za somo la kompyuta, msimbo wa herufi na mrundiko, tena huku akicheka.

Kila lugha ina adabu yake ya kuamkia. Java kwa miaka mingi ilimtaka anayeanza aandike mistari kadhaa ya utangulizi kabla ya kufika kwenye neno lenyewe, kama anayesalimia barazani kwa wazee. Toleo la mwaka 2025 limeufupisha utangulizi huo. Bodi ndogo za Arduino, zilizoanzia Ivrea, Italia, mwaka 2005, hazina skrini hata ya kuandikia. Programu yake ya kwanza huwasha taa ndogo sekunde moja, huizima sekunde moja, huiwasha tena. Bodi inakukonyeza, nawe unajua kwamba haijambo.

Kwa anayeanza leo mimi humwelekeza kwenye Python. Guido van Rossum aliianza Uholanzi mwishoni mwa mwaka 1989 na kuitoa hadharani mwaka 1991. Jina hakulitoa kwa chatu, ingawa chatu wawili wamo kwenye nembo; alilitoa kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python. Jihadhari na jambo moja tu ukiokota kitabu cha zamani. Tangu Python 3 ilipotoka Desemba 2008, neno print linadai mabano. Mfano usio na mabano ulikuwa sahihi siku ulipochapwa, na leo utakurushia kosa. Wengi wamejiona hawana akili kumbe kitabu ndicho kilichopitwa na wakati.

Sasa salamu imetoka. Mwanafunzi anafuta maneno ya kitabu na kutia yake, na hapa Kiswahili kinamtegea mtego wa peke yake. Python inakubali maneno yafungwe kwa alama za mtajo moja moja au mbili mbili. Tuseme amezoea moja moja, akaandika:

print('Ng'ombe wamerudi')

Mkalimani anafungua mtajo, anasoma Ng, anakutana na ritifaa. Kwake ritifaa na alama ya kufunga mtajo ni kitu kimoja. Anafunga. Mbele yake anaona "ombe" imesimama nje bila mchungaji, na hapo anatupa mikono: SyntaxError, kosa la sarufi. Ng'ambo, ng'ara, ng'oa, ng'ang'ania, yote yatamkwamisha vivyo hivyo. Na anayeandika kwenye simu ana mtego wa pili, maana baadhi ya vibao vya herufi hugeuza mtajo ulionyooka kuwa uliopinda, na Python haiutambui uliopinda.

Ujumbe wa kosa usiuogope. Usome. Utakutajia namba ya mstari, na mara nyingi chini yake kuna kialama kama mshale kinachoonyesha pale mkalimani alipopotelea. Kisha badili kilichozunguka sentensi, uache sentensi yenyewe ilivyo:

print("Ng'ombe wamerudi")

Bonyeza tena, uwaone wakiingia zizini, ritifaa na wote.