Jirani Anayesema kwa Shairi

Agosti 18, 2022 mzee mmoja alifariki dunia mjini Hargeisa, na kwa siku chache Mogadishu na Hargeisa zikawa na msiba mmoja. Tawala zenye makao katika miji hiyo miwili hazipatani kuhusu mpaka, bendera wala jina la nchi. Somaliland ilijitangazia uhuru wake mwaka 1991 na Somalia haijaukubali. Lakini viongozi wa pande zote mbili walituma rambirambi kwa ajili ya mtu yuleyule. Hakuwa rais, wala jemadari, wala tajiri. Alikuwa Mohamed Ibrahim Warsame, ambaye kila Msomali humwita Hadraawi. Kazi yake ilikuwa kutunga mashairi.

Msomaji wa Nairobi au Dar es Salaam ana haki ya kushangaa. Somalia anayoisikia kwenye taarifa ya habari ni ya mabomu, ukame na maharamia. Tangu Machi 4, 2024 nchi hiyo ni mwanachama kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, wa nane, lakini kwa watu wengi wa jumuiya hiyo bado ni jirani anayejulikana kwa kelele za ugomvi zinazovuka ua, basi. Anayetaka kuingia ndani ya nyumba yake na kumsikia akizungumza na watoto wake, akibembeleza, akikemea, akiomba mvua, inabidi apitie kwenye ushairi. Richard Burton, Mwingereza aliyepita Zeila na Berbera mwaka 1854 na 1855, alirudi kwao akaandika kwa mshangao kwamba nchi ile imejaa washairi, na kwamba kila mtu ana cheo chake katika fani hiyo.

Kanuni za utunzi wao ndizo zinazostahili kutazamwa kwanza. Mswahili aliyekuzwa na vina na mizani hutega sikio mwishoni mwa kipande. Msomali hulitega mwanzoni mwa neno. Mtunzi wa *gabay*, bahari yenye heshima kuliko zote, huchagua sauti moja, tuseme *d* au *g*, na tangu mshororo wa kwanza hadi wa mwisho kila kipande sharti kiwe na neno linaloanza na sauti hiyo. Shairi linaweza kufika mishororo mia, sauti haibadiliki. Anayechagua irabu ameruhusiwa kuzichanganya, kwa kuwa zote huhesabiwa kuwa ni kitu kimoja. Anayechagua konsonanti amejifunga mwenyewe.

Kwa Kiswahili kifungo hicho kingekuwa chepesi. Mtu akisema "kisu kile kikali kimepotea", sauti ya *ki* imeshafungua maneno manne bila msemaji kutoka jasho. Ngeli zimemfanyia kazi. Kisomali hakina upatanisho wa namna hiyo. Mtunzi lazima alitafute neno, na asipolipata katika mazungumzo ya sokoni alifuate malishoni: jina la mti unaoota katika bonde fulani, jina la ngamia kwa umri wake au kwa hali ya maziwa yake, jina la upepo, la kisima, la nyota. Sheria ya sauti moja humlazimisha aite nchi nzima ije imsaidie. Ndiyo maana gabay moja iliyotungwa sawasawa humweleza mgeni mengi kuhusu maisha ya wafugaji, hata kama mtunzi alikusudia tu kumjibu shemeji yake.

Ngamia amejaa humo kuliko kiumbe mwingine yeyote. Uhuru ulipokuja, Julai 1, 1960, washairi hawakuufananisha na jua linalochomoza. Waliuita Maandeeq, ngamia jike anayeituliza nafsi ya mwenyewe kwa maziwa yake, na Abdullahi Suldaan, maarufu kwa jina la Timacadde, alikuwa miongoni mwa waliouimba siku hizo. Kwa jamii iliyowahi kuvuka jangwa kwa maziwa ya mnyama huyo, taswira hiyo haikuhitaji maelezo: Maandeeq alikuwa ameibiwa, sasa amerudi zizini, na swali lililobaki ni nani atamkamua na nani atapata kibuyu. Swali hilo limewaandama Wasomali mpaka leo.

Mvua nayo ina heshima yake. Mwaka wa mfugaji una majira manne: *gu*, masika yenye neema; *xagaa*; *dayr*, vuli yenye mvua kiasi; na *jilaal*, kiangazi kinachoua. Mkusanyaji mkubwa wa fasihi simulizi ya Kisomali, Musa Galaal, aliandika pia kuhusu elimu ya nyota na hali ya hewa ya wafugaji, na mambo hayo mawili hayakuwa mbalimbali. Aliyejua nyota zinasema nini kuhusu mvua aliweza kuliweka jambo hilo ndani ya shairi, na likishakuwa shairi, lilihifadhika.

Kuhifadhika huko ni habari nyingine. Kisomali kilipata mwandiko rasmi Oktoba 21, 1972 tu, serikali ya kijeshi ya Siad Barre ilipotangaza herufi za Kilatini. (Msomaji akiiona *x* aitamke kama ح ya Kiarabu, na *c* kama ع.) Kabla ya hapo maktaba ilikuwa vichwa vya watu. Walikuwepo mahafidhi wa mashairi, ambao kazi yao ilikuwa kulipokea shairi neno kwa neno na kulifikisha mbali. Adabu ya kazi hiyo ilikuwa kali: hafidhi alipaswa kumtaja mtunzi kabla ya kughani, na hakuruhusiwa kupunguza wala kupamba. Katika nchi isiyokuwa na kalamu, haki ya mtunzi ililindwa kwa namna ambayo wachapishaji wengi wa leo hawajaifikia.

Cha ajabu zaidi, mizani waliyoifuata kwa vizazi vingi haikuwahi kuelezwa na mtu. Watunzi waliisikia tu. Shairi lililovunja mizani lilijulikana papo hapo, lakini hakuna aliyeweza kusema limevunjika wapi. Mwaka 1976 mshairi Mohamed Hashi Dhama, anayejulikana kama Gaarriye, alichapisha gazetini ufumbuzi wake: kinachohesabiwa ni urefu wa irabu, fupi moja, ndefu mbili, na kila bahari ina mpangilio wake.

Shairi la namna hiyo linaweza kuwa silaha. Sayyid Mohamed Abdullah Hassan, aliyeongoza wapiganaji wake, Madarwishi, dhidi ya Waingereza kuanzia 1899 hadi 1920, alipigana kwa bunduki na kwa gabay. Mwaka 1913 kikosi chake kilimuua ofisa wa Kiingereza, Richard Corfield, huko Dul Madoba, na Sayyid akatunga shairi la kumwagiza marehemu ayaeleze akhera yaliyompata. Ni shairi la kutisha. Wapo pia Wasomali wengi walioumizwa na upanga wake na ulimi wake, na kumbukumbu hiyo haijafutika. Mpenzi wa fasihi ya Kiswahili atamkumbuka Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyerushiana mashairi na watu wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 19 huku mitutu ikiandaliwa. Bahari ya Hindi ni ileile, na ada ya kulumbana kwa tungo ni ileile. Kilichotofautiana ni jahazi na ngamia.

Wanawake wana bahari yao, *buraanbur*, ambayo hadi leo huwezi kuikosa katika harusi ya Kisomali, iwe Mogadishu, Eastleigh ya Nairobi au London. Ngoma inapigwa, mtunzi anasimama, anawasifu wazazi wa bibi harusi na ukoo wao, na mashoga wanaingia uwanjani mmojammoja kucheza. Nyimbo zao za kazi zinaeleza mambo ambayo gabay ya wanaume haikuyagusa: kusukasuka maziwa, kusuka mikeka, kuijenga na kuibomoa *aqal*, nyumba ya kuhamahama ambayo ni mali na ufundi wa mwanamke. Kwa bahati mbaya mahafidhi walikuwa wanaume, nao walibeba zaidi tungo za wanaume wenzao. Sehemu kubwa ya ushairi wa wanawake ilipotea pamoja na waliouimba, na hasara hiyo haiwezi kufidiwa.

Kisha yakaja magari, redio na kaseti. Katika miaka ya 1940 dereva wa lori, Abdi Sinimo, alianzisha *balwo*, wimbo mfupi wa mapenzi ambao wazee waliulaani na vijana wakaudaka. Mwaka 1957 BBC ilianzisha idhaa ya Kisomali, mwaka uleule iliyoanza ile ya Kiswahili, na shairi likaanza kusafiri kwa siku moja umbali ambao hafidhi aliutembea kwa miezi.

Hadraawi alikulia katika zama hizo. Alizaliwa mwaka 1943 katika familia ya wafugaji pande za Burao, akasomea Aden, akarudi Mogadishu kufundisha na kufanya kazi redioni. Mwaka 1973 serikali ya kijeshi ilimkamata kwa ajili ya tungo zake, akakaa kizuizini bila kushtakiwa mpaka 1978. Mwaka uliofuata Gaarriye alitoa shairi la kupinga ukabila lenye sauti ya *d*, na washairi wengine, Hadraawi akiwemo, wakamjibu kwa *d* hiyohiyo. Mlolongo huo uliitwa *Deelley*. Serikali ilishika redio na magazeti yote, lakini haikuweza kushika kaseti. Zilinakiliwa nyumbani, zikapita mpakani, zikasikilizwa usiku kwa sauti ya chini.

Hargeisa ilipopigwa mabomu na ndege za serikali yake yenyewe mwaka 1988, wapo waliozificha na kuzizika kanda za redio ili zisiteketee. Leo maelfu ya kanda yamehifadhiwa katika kituo cha utamaduni mjini humo. Watu waliokuwa wakikimbia kuokoa roho zao walifikiria pia kuokoa nyimbo. Na mwaka 2003 Hadraawi, akiwa na miaka 60, aliamua kuizunguka Somalia iliyochanika kuhimiza amani, bila mlinzi wa maana zaidi ya jina lake.

Mswahili asidhani yote haya ni ya watu wa mbali. Barawa, mji wa pwani kusini mwa Mogadishu, una lugha yake, Chimiini, ndugu wa damu wa Kiswahili, na tungo zake za dini huitwa *steenzi*. Sikio la Lamu litatambua mengi humo. Mtunzi wake mashuhuri, Dada Masiti, aliwahi kuishi Zanzibar katika ujana wake. Naye Warsan Shire, ambaye mashairi yake kuhusu wakimbizi yamesomwa duniani kote na kutumiwa na Beyoncé mwaka 2016, alizaliwa Nairobi mwaka 1988 kabla ya kupelekwa Uingereza akiwa mchanga. Yeye huandika kwa Kiingereza.

Tafsiri nyingi za ushairi wa Kisomali ziko pia kwa Kiingereza, na wafasiri wake wenyewe hukiri kwamba ile sauti moja hufa njiani. Hapa Kiswahili kina jambo la kutoa. Lugha ambayo ngeli zake hurudia sauti mwanzoni mwa maneno ina uwezo wa kuipokea gabay kwa karibu zaidi. Watu wenye lugha zote mbili wapo, Garissa, Eastleigh, Mombasa. Wachapishaji wa Nairobi na Dar es Salaam wawatafute.

Kwa sasa, msomaji mwenye jirani, mwalimu au mwenye duka Msomali amwulize kama analijua shairi la Hadraawi liitwalo "Hooyo", yaani Mama. Amwombe alighani kwa Kisomali kwanza, taratibu, kabla ya kumweleza maana yake.