Kofia za kauri kwa meno yaliyoharibika

Kofia ya jino ni gamba gumu linalofunika sehemu yote ya jino inayoonekana juu ya ufizi. Huwekwa pale ambapo kuziba tundu hakutoshi tena, ilhali mzizi bado ni imara. Meno ya namna hiyo si haba katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, Tanzania: magego yaliyooza, yaliyopasuka kwa kutafuna kahawa kavu au kumenya miwa, na meno ya mbele yaliyovunjika katika ajali za bodaboda. Mengi huishia kung'olewa, ingawa baadhi yangeweza kutumika miaka mingi zaidi.

Kinachoamua ni jino lililobaki, si kofia yenyewe. Panahitajika ukuta wa jino zima, wa kimo cha milimita 2 hivi, uzunguke juu ya ufizi ili kofia iukumbatie. Ukuta huo ukikosekana, nguvu ya kutafuna huangukia mzizi na kuupasua. Uozo ukiwa umefika kwenye kiini, mzizi hutibiwa na kuzibwa kwanza. Mzizi uliopasuka kwa urefu, au uliopoteza mfupa unaoushika, haufai kuvikwa kofia. Hapo kung'oa ndiyo tiba.

Kofia za kauri zilianza mwishoni mwa karne ya 19, kazi ya daktari Charles Land wa Detroit, Marekani. Zilipendeza lakini zilipasuka upesi, na katikati ya karne ya 20 mafundi wakaanza kuchomea kauri juu ya chuma. Aina hiyo bado hutumika: ni imara, ila baada ya muda huweza kuonyesha mstari mweusi ufizini. Kauri za sasa hazihitaji chuma. Ile ya lithiamu disilikati hupitisha mwanga kama jino halisi, hivyo hufaa meno ya mbele. Zirkonia ina uimara wa zaidi ya mara mbili ya hiyo, nayo hupendelewa kwa magego.

Kwa kawaida kazi huchukua mahudhurio mawili. La kwanza, baada ya sindano ya ganzi, daktari hupunguza jino milimita 1.5 hadi 2 upande wa kutafunia na milimita 1 hivi pembeni. Kwa zirkonia, kiasi kinachopunguzwa huweza kuwa pungufu ya hapo. Jino lililopunguzwa halioti tena. Rangi huchaguliwa kabla jino halijakauka, kipimo huchukuliwa, kisha huwekwa kofia ya muda ya plastiki. Maabara huchonga zirkonia ikiwa kubwa kuliko kipimo, kwa sababu hunywea kwa takribani asilimia 20 inapochomwa kwenye tanuri la nyuzijoto 1,500 hivi. Hudhurio la pili ni la kupima ukingo na mgusano wa meno, kisha kugandisha kwa saruji ya meno.

Mafunzo ya udaktari wa meno nchini yalianza Muhimbili mwaka 1979, lakini huduma hizi na maabara zake zimejikita zaidi mijini. Kwa mgonjwa wa Kayanga, Nkwenda au Murongo, hiyo ina maana ya safari zaidi ya moja. Kabla ya kuondoka inafaa kuuliza mambo manne: kama picha ya eksirei itapigwa, kofia ni ya aina gani, bei inajumuisha tiba ya mzizi au la, na tarehe ya kurudi. Kofia ya muda haifai kuachwa kwa miezi, kwani mate hupenya chini yake na jino huoza.

Kauri haiozi, ila jino lililo ukingoni mwake huoza. Husafishwa mara mbili kwa siku kwa dawa ya meno yenye floridi, na uzi hupitishwa kando yake. Anayesaga meno usingizini huhitaji kinga ya usiku. Kofia ikitunzwa hudumu miaka 10 hadi 15, pengine zaidi. Ikichomoka, hurudishwa kwa daktari pamoja na mgonjwa. Gundi ya dukani haitumiki.